Kutenga si Kuhifadhi: Uhakiki wa Istilahi za Kumbukumbu ya Kompyuta kwa Mtazamo wa Ubwari

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu kazi ya kuunda istilahi za Kiswahili imepimwa kwa wingi wa maneno yaliyoorodheshwa. Orodha ikiwa ndefu, husemwa kwamba lugha imepiga hatua. Makala hii inakusudia kutumia kipimo kingine. Tutachukua dhana moja tu, tena ya ndani na ngumu, kisha tuulize kama maneno tuliyo nayo yanatosha kuieleza mbele ya darasa bila mwalimu kukimbilia Kiingereza au Kifaransa. Dhana yenyewe ni ile ya kutenga mapande makubwa ya kumbukumbu ya kompyuta kwa ajili ya programu zinazoendesha vifaa, kama vile kamera, kadi za sauti na mitambo ya picha.

Tumechagua kuitazama dhana hii kutoka Ubwari, rasi iliyoingia katika Ziwa Tanganyika huko Fizi, mkoani Kivu ya Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sababu zetu ni tatu. Kwanza, mwanafunzi wa Baraka au Fizi anaishi katika Kiswahili lakini anafundishwa sayansi kwa Kifaransa. Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini Kifaransa ndicho lugha rasmi. Istilahi iliyoundwa Dar es Salaam au Nairobi kwa kufuata Kiingereza humfikia mwanafunzi huyo kama mgeni wa pili, si kama mwenyeji. Pili, historia ya Ubwari yenyewe inatoa mfano mzuri wa tofauti kati ya kitu kinavyoonekana na kilivyo, tofauti ambayo ndiyo kiini cha suala la kumbukumbu. Tatu, katika eneo hilohilo neno 'hifadhi' si istilahi ya kompyuta tu. Ni neno linalogusa ardhi, msitu na makazi ya watu. Kwa hiyo uteuzi wa neno una uzito ambao mtunzi wa orodha aliyeketi ofisini huenda asiuone.

Hoja yetu kuu ni kwamba istilahi za kompyuta katika Kiswahili zimelitwisha neno 'hifadhi' mzigo mkubwa kupita kiasi, na kwamba katika dhana tunayoichunguza neno 'kutenga' ni sahihi zaidi. Usahihi huo si wa kiufundi peke yake, bali ni wa kimaana pia: 'kutenga' hukiri kwamba kuna aliyenyimwa, ilhali 'kuhifadhi' huficha jambo hilo.

2.0 Dhana yenyewe

Haiwezekani kuhakiki istilahi bila kuielewa dhana inayobebwa na istilahi hiyo. Tuanze, basi, na jambo lenyewe.

Kumbukumbu ya kompyuta hugawanywa katika vipande vidogo vilivyo sawa, viitwavyo kurasa. Katika mashine nyingi ukurasa mmoja una baiti 4,096, yaani kilobaiti 4. Programu ya kawaida ikiomba kumbukumbu, mfumo huipa kurasa zozote zilizo wazi, hata kama zimetawanyika huku na huku. Programu haitambui mtawanyiko huo, kwa sababu mfumo unaitengenezea jedwali la anwani dhahania ambalo linazionyesha kurasa hizo kana kwamba zimepangwa mstari mmoja. Kinachoonekana kuwa kizima kwa programu, kwa hakika kimekatikakatika.

Hapa ndipo Ubwari inapotusaidia. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walipopita katika maji hayo wakielekea Uvira, Ubwari iliandikwa kuwa kisiwa. Kwa mtu aliye majini nchi hiyo ilionekana imetengana na bara. Wasafiri waliokuja baadaye ndio waliobainisha kwamba ni rasi iliyoshikamana na bara kwa shingo ya nchi kavu. Hadi leo ghuba iliyo kati ya rasi hiyo na mwambao wa Baraka inaitwa katika ramani Ghuba ya Burton. Katika kisa hicho, kilichoshikana kilionekana kimekatika. Katika kompyuta hali ni kinyume: kilichokatika huonekana kimeshikana. Lakini funzo ni moja, nalo ni kwamba ramani ya msafiri na nchi yenyewe ni vitu viwili.

Vifaa vingi havina ramani hiyo. Kifaa kinachoandika data moja kwa moja katika kumbukumbu, bila kupitia kwa bongo kuu ya mashine, hupewa anwani ya kuanzia na urefu, kisha huandika baiti moja baada ya nyingine hadi mwisho. Hakiwezi kuruka ukurasa unaotumiwa na programu nyingine. Kikiukuta njiani kitauharibu. Kwa sababu hiyo kifaa cha namna hii hudai pande zima: kurasa ambazo anwani zake halisi zinafuatana bila pengo.

Mfano wa karibu ni vyombo vya ziwani. Mtumbwi wa gogo huchongwa katika mti mmoja. Fundi mwenye magogo mafupi kumi hawezi kuyajumlisha urefu akasema ana mtumbwi. Chombo cha mbao, kwa upande mwingine, huundwa kwa vipande vingi vinavyounganishwa kwa misumari na kuzibwa nyufa. Programu za kawaida ni kama chombo cha mbao. Kifaa tunachokizungumzia ni kama mtumbwi wa gogo.

Ugumu unadhihirika tukifanya hesabu. Tuchukue mashine yenye megabaiti 64 za kumbukumbu, yaani kurasa 16,384. Ikiwa kila ukurasa wa pili unatumika, nusu ya kumbukumbu, megabaiti 32 kamili, iko wazi. Hata hivyo, hakuna pande hata moja lililo wazi linalozidi kilobaiti 4. Mwenye kuhesabu jumla atasema kuna utajiri. Mwenye kutafuta pande zima atarudi mikono mitupu.

Mifumo mingi hupambana na hali hiyo kwa mbinu ya mapacha, iliyoelezwa na Kenneth Knowlton mwaka 1965 na kuchambuliwa na Donald Knuth mwaka 1968. Pande kubwa hugawanywa katika mapacha wawili waliolingana, na kila pacha anaweza kugawanywa tena. Mapacha wote wawili wakiwa wazi, huunganishwa kuwa pande moja tena. Mbinu hii imetumika sana katika Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kwa desturi ya miaka mingi katika mfumo huo, pande kubwa kabisa linalotolewa kwa njia hii lilikuwa kurasa 1,024, yaani megabaiti 4. Sasa tuchukue kamera ya simu inayopiga picha yenye nukta 3,264 kwa 2,448, kila nukta ikihitaji baiti 2. Picha moja inadai baiti 15,980,544, yaani kurasa 3,902. Hata mashine ikiwa na nafasi tele, mapacha hawawezi kulitoa pande hilo.

Njia zilizobuniwa ni tatu. Ya kwanza ni kulikata pande mapema, mashine inapowashwa, kabla haijachafuka kwa matumizi. Katika miaka ya 1990 waandishi wa programu za Linux walizoea kuuficha ukweli: mashine yenye megabaiti 64 iliambiwa kwamba ina 60 tu, na zile nne za juu zikabaki kwa kifaa. Njia ya pili ni kukipa kifaa uwezo wa kusoma orodha ya vipande vilivyotawanyika, au kukiwekea kitengo cha kutafsiri anwani kama kile kinachotumiwa na programu. Hapo mtumbwi umegeuzwa kuwa chombo cha mbao, lakini kwa gharama ya mitambo ya ziada. Njia ya tatu iliingizwa rasmi katika toleo la 3.5 la Linux, mwezi Julai 2012, baada ya kufanyiwa kazi na wahandisi wa Samsung. Pande kubwa hutengwa mashine inapowashwa, lakini haliachwi tupu. Programu za kawaida huruhusiwa kulitumia kwa sharti kwamba kurasa zao ziweze kuhamishwa. Siku kifaa kinapolidai pande lake, yaliyomo hunakiliwa kwingine, majedwali ya anwani hurekebishwa, na pande hukabidhiwa zima kwa mwenyewe.

3.0 Uhakiki wa istilahi zilizopo

3.1 'Kumbukumbu' na 'hifadhi'

Mradi wa Kilinux, uliofanyiwa kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, pamoja na tafsiri za kampuni ya Microsoft na nyingine zilizofuata, ulifanya kazi ya kusifiwa. Ulithibitisha kwamba mtu anaweza kuandika barua, kupanga jedwali na kuchapisha waraka bila kutoka katika Kiswahili. Lakini tukiitazama kazi hiyo kwa makini tunaona kwamba iliishia ukumbini. Maneno yaliyotafsiriwa yalikuwa yale ya menyu, yanayoonwa na mtumiaji. Jikoni, ambako mfumo wenyewe hupikwa, Kiswahili hakikukaribishwa. Matokeo yake ni kwamba istilahi nyingi hazijawahi kujaribiwa katika mahali penye kudai utofautishaji mkali.

'Kumbukumbu' ni neno lililokubalika, nasi hatuoni sababu ya kulipinga. Lina kasoro moja: katika matumizi ya kawaida kumbukumbu ni jambo la kudumu, kama kumbukumbu za mkutano au siku ya kumbukumbu ya mashujaa, hali ya kuwa kumbukumbu ya kompyuta husahau kila kitu umeme unapokatika. Kasoro hiyo inarekebishika kwa maelezo ya mwalimu, na lugha nyingine nazo zina kasoro hiyohiyo.

Tatizo kubwa lipo katika 'hifadhi'. Katika simu na kompyuta zinazotumia Kiswahili leo, 'hifadhi' ni kitenzi cha kuweka kazi isipotee. Papo hapo ni nomino ya mahali data inapokaa. Nje ya kompyuta ni jina la mbuga inayolindwa. Mwalimu akitaka kueleza dhana yetu kwa neno hilo atasema: 'Mfumo huhifadhi sehemu ya kumbukumbu kwa ajili ya kifaa.' Mwanafunzi mwenye akili timamu ataelewa kwamba mfumo umeyaweka salama yaliyomo katika sehemu hiyo. Ukweli ni kinyume chake: hakuna kilichomo, ni nafasi tupu iliyozuiwa wengine wasiingie. Sentensi ni sahihi kisarufi, lakini dhana imepotea njiani.

Tukitumia kaida za Kiingi, zile zinazofahamika kwa wanafunzi wa istilahi kwa kifupisho PEGITOSCA, 'hifadhi' inafaulu katika ufupi na ukubalifu, lakini inashindwa katika usahihi na mpangilio. Neno linalobeba dhana tatu katika taaluma moja halipungukiwi umaarufu, linapungukiwa makali.

3.2 'Dereva', 'kiendeshi' na 'rubani'

Programu inayosimama kati ya mfumo na kifaa imepewa majina kadhaa. Wapo wanaoiita 'dereva'. Neno hili linaeleweka pwani na katika Tanzania na Kenya nzima, lakini lina udhaifu mara mbili. Katika Kiswahili cha Kongo mwendesha gari huitwa 'shofere', kutokana na Kifaransa, kwa hiyo sitiari ya dereva haina mizizi huko. Pili, dereva ni mtu, naye huleta upatanisho wa ngeli ya watu. Sentensi 'dereva amekwama katika kumbukumbu' humfanya msikilizaji atafute gari.

Kifaransa huiita programu hiyo 'pilote'. Kwa msomi wa Baraka, basi, kishawishi kinaweza kuwa 'rubani', neno lenye historia nzuri katika uanamaji wa Waswahili. Rubani wa zamani alikuwa mjuzi wa njia za maji aliyekiongoza chombo cha wengine bandarini, na sitiari hiyo kwa kweli inafaa kuliko ya dereva, kwa kuwa programu hii haikimiliki kifaa bali hujua miamba yake. Hata hivyo, 'rubani' wa leo ni wa ndege, naye pia ni mtu.

'Kiendeshi' limekwepa ubinadamu kwa kiambishi ki-, lakini tayari limeshikwa na kifaa cha kusomea diski. Pendekezo letu ni kutumia muundo ambao Kiswahili kinauzalisha kwa urahisi, wa ki- pamoja na kitenzi na shamirisho yake, kama katika 'kipaza sauti' na 'kizima moto'. Tutapata 'kiendesha kifaa', wingi 'viendesha vifaa'. Neno hili ni refu kidogo, lakini linasema linachokifanya, na linaeleweka kwa asiyejua Kiingereza wala Kifaransa.

3.3 Neno la kushikana bila pengo

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, kwa sababu Kiswahili kina maneno mengi yanayokaribia na hakuna lililoteuliwa. 'Kupakana' husemwa kwa nchi mbili au mashamba mawili: Fizi inapakana na Uvira. Neno hilo linataka wenyewe wawili na mpaka kati yao, ilhali katika pande letu mpaka ndio unaokanushwa. 'Kuungana' hudokeza kwamba vitu vilikuwa mbalimbali kisha vikakutanishwa. 'Mfululizo' ni neno zuri lakini hushikamana zaidi na wakati: mvua mfululizo, siku tatu mfululizo. 'Mtawalia' linafaa kwa namba na kwa anwani.

Tunapendekeza kutofautisha mambo mawili. Tunapozungumzia anwani, tuseme 'anwani mtawalia'. Tunapolitaja eneo lenyewe, tuseme 'pande zima'. Neno 'pande' tayari lina maana ya kipande kikubwa cha kitu kigumu, na kivumishi '-zima' hukanusha pengo bila kutumia kauli ya kukanusha. Tena uzima huo unaweza kuwekewa sharti: pande linaweza kuwa zima kwa anwani dhahania tu, au zima kwa anwani halisi. Kwa maneno hayo mwalimu anaweza kusema: 'Programu huridhika na pande lililo zima kwa anwani dhahania; kifaa hudai lililo zima kwa anwani halisi.' Sentensi hii haina neno moja geni kwa mvuvi wa Ubwari isipokuwa 'programu', na bado mhandisi hataikosoa.

4.0 Kuhifadhi, kutenga, kuazimisha

Tumekwisha kuona kwamba 'kuhifadhi' halifai kwa kitendo chenyewe. Neno lifaalo ni 'kutenga', nalo si jipya. Serikali hutenga fedha katika bajeti. Kijiji hutenga eneo la malisho. Tanzania sheria za wanyamapori na za bahari zimelitumia shina hilo kuunda 'pori tengefu' na 'maeneo tengefu'. Kwa hiyo 'kumbukumbu tengefu' litaingia katika lugha kama ndugu, si kama mpangaji.

Litatolewa pingamizi kwamba 'kutenga' lina sura mbaya. Kumtenga mtu ni kumfukuza katika jamaa, na 'kutengwa' ni adhabu. Pingamizi hili ni la haki, lakini sisi tunaliona kuwa sifa ya neno. Kumbukumbu ya mashine ina kikomo. Kila megabaiti inayopewa kamera imeondolewa kwa programu nyingine. Mashine ile ya megabaiti 64 iliyoambiwa kuwa ina 60 imepoteza sehemu moja kwa kumi na sita ya mali yake, hata siku ambayo kifaa hakitumiki kabisa. Gharama hiyo ndiyo iliyowasukuma wahandisi kutafuta njia ya mwaka 2012. Neno linaloificha gharama humnyima mwanafunzi sababu ya historia nzima ya utatuzi wake. Akisikia 'kuhifadhi', hawezi kuuliza: 'Nani amekosa?' Akisikia 'kutenga', swali hilo linamjia lenyewe.

Njia ya tatu inahitaji neno la ziada. Pande limetengwa, lakini linatumiwa na wengine mpaka mwenyewe atakapofika. Baadhi ya waandishi wangeliita 'kushirikiana', lakini ushirika hutaka usawa, na hapa hakuna usawa: mmoja ana haki ya kumwondoa mwingine. Neno la haki ni 'kuazimisha'. Kitu kilichoazimwa hurudi kwa mwenyewe, wala hakigeuki kuwa mali ya aliyekiazima kwa sababu amekaa nacho muda mrefu. Kwa hiyo tutasema: 'Mfumo hulitenga pande, kisha huliazimisha kwa kurasa zinazohamishika.' Na kurasa ambazo kwa sababu moja au nyingine zimebanwa mahali pake, zisiweze kuhamishwa kifaa kinapokuja, zinafaa kuitwa 'kurasa zilizobanwa'. Hizo ndizo zinazoweza kuifanya njia hii ishindwe: mwenye mali anafika, na aliyeazima hawezi kuondoka.

Inafaa pia kukisikiliza Kiswahili cha mashariki mwa Kongo chenyewe. Huko kitenzi 'kuchunga' hakikubaki kwa mifugo tu; hutumika pia kwa maana ya kutunza kitu kwa niaba ya mtu, hata mtu akaombwa amchungie mwenziwe mzigo. Maana hii ya kuweka kitu kwa ajili ya asiyekuwapo iko karibu sana na dhana yetu. Hatupendekezi neno hilo liwe istilahi sanifu, maana kwa wasemaji wengi wa Tanzania na Kenya litaleta picha ya ng'ombe. Lakini tunasisitiza kwamba mwalimu wa Fizi ana haki ya kulitumia kama ngazi ya kumpandishia mwanafunzi hadi kwenye 'kutenga'. Usanifu unaoziondoa ngazi zote na kubakiza dari peke yake haumsaidii anayesimama chini.

5.0 Mipaka ya sitiari: mfano wa Itombwe

Istilahi zote tulizozijadili zimekopa kutoka katika ardhi: pande, mpaka, kutenga, kuhamisha. Ni wajibu wa mhakiki kuonyesha sitiari inapofikia kikomo.

Magharibi na kaskazini mwa Fizi ipo milima ya Itombwe, yenye msitu mkubwa wa mlimani. Mwaka 2006 amri ya waziri iliutangaza msitu huo kuwa hifadhi ya asili. Jamii zilizoishi humo na kandokando yake zililalamika kwamba hazikushirikishwa. Miaka kumi ya majadiliano ilifuata, vijiji vikitaja wenyewe mahali pa mashamba, pa kuwinda na pa makaburi, hadi amri ya mkoa ya mwaka 2016 ilipothibitisha mipaka iliyochorwa upya, yenye kanda za matumizi mbalimbali.

Ufanano na kompyuta ni dhahiri kiasi cha kutisha. Amri ya kwanza ilikuwa kama kulikata pande mashine inapowashwa, kana kwamba hakuna aliyekuwamo. Mpangilio wa kanda unakaribia njia ya tatu, ya kutenga huku wengine wakiendelea kutumia. Wataalamu wa uhifadhi nao husisitiza kwamba eneo liwe zima, kwa kuwa sokwe na tembo hawaishi katika vipande vilivyotawanyika, kama vile kifaa kisivyoweza kuandika katika kurasa zenye mapengo. Madai hayo si ya uongo. Hesabu ya jumla ya miti haiwi msitu, kama jumla ya kurasa haiwi pande.

Lakini hapo ndipo ufanano unapoisha. Ukurasa wa kumbukumbu ukihamishwa haupotezi kitu. Baiti zake hunakiliwa moja baada ya nyingine, jedwali la anwani hurekebishwa, na programu iliyokuwa ikiutumia haijui kwamba lolote limetokea. Mtu hahamishiki hivyo. Kaburi la babu halinakiliwi, na hakuna jedwali la kurekebisha ili mjukuu asijue kwamba amehama. Tena katika kompyuta anayetenga na anayetengewa wote wako chini ya mwenye mashine mmoja. Katika Itombwe swali la nani mwenye mashine ndilo lililogombewa.

Kwa hiyo tunaonya dhidi ya safari ya kurudi. Lugha ya kompyuta imeazima maneno ya ardhi, na hakuna ubaya. Ubaya utakuja siku wapangaji wa ardhi watakapoazima wepesi wa lugha ya kompyuta, wakazungumzia kuhamisha watu kama kwamba ni kurasa. Neno 'hifadhi', kwa uzuri wake wa kuashiria ulinzi na usalama, tayari limerahisisha mambo mengi ambayo hayakustahili kuwa rahisi. 'Kutenga' halirahisishi. Linamwacha msikilizaji na deni la kuuliza.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba dhana moja ya ndani ya kompyuta inatosha kufichua nguvu na udhaifu wa istilahi zetu. Tumependekeza 'kumbukumbu' libaki, 'hifadhi' liachiwe maana ya kuweka data isipotee na mahali inapowekwa, na 'kutenga' litumike kwa nafasi inayozuiwa kwa ajili ya kifaa. Tumependekeza pia 'pande zima', 'anwani mtawalia', 'kiendesha kifaa' na 'kuazimisha'. Hatudai kwamba maneno haya ndiyo ya mwisho. Tunadai kwamba yajaribiwe darasani, katika maelezo kamili ya dhana kamili, wala si katika safu mbili za orodha.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, pamoja na mabaraza ya nchi wanachama, haziwezi tena kuunda istilahi kana kwamba Kiingereza ndicho mlango pekee wa sayansi kwa Waswahili wote. Upo mlango mwingine, wa Kifaransa, na nyuma yake wamo mamilioni ya wasemaji. Kila istilahi mpya ipitishwe katika milango yote miwili kabla ya kupigiwa muhuri. Iwapo haieleweki Baraka bila msaada wa kamusi ya Kiingereza, haijawa istilahi ya Kiswahili bado. Ni ya sehemu moja tu ya Waswahili.